Siku ya kwanza kliniki ya afya ya akili: maswali mnayotuuliza kila mara

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Nakaa meza ya mapokezi kwenye kliniki ya hospitali ya mkoa, Tanzania Bara, na kabla mtu hajamwona daktari ananiona mimi. Wengi hupiga simu kwanza. Wanaongea kwa sauti ya chini, wengine wanasema wanamuulizia rafiki, na maswali yao yanafanana. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayoyatoa, ili na yule anayeogopa hata kupiga simu ayapate. Ninalolirudia kuliko yote ni hili: huhitaji kujua ugonjwa wako unaitwaje. Kutafuta jina ni kazi yetu. Wewe lete habari zako.

Nikija kliniki ya akili, si ndiyo nimeshakuwa kichaa?

Hapana. Laiti ungeliona benchi letu siku ya kliniki. Yupo kijana wa kifafa, kwa sababu huku kwetu wagonjwa wa kifafa nao huhudumiwa kliniki ya akili. Yupo mama aliyejifungua miezi miwili iliyopita na tangu hapo analia bila kujua analilia nini. Yupo mwalimu asiyelala. Yupo dereva aliyenusurika ajali na sasa akishika usukani mikono inatetemeka. Yupo mzee anayesahau njia ya nyumbani, na binti yake kamshika mkono. Na yupo mtu anayesikia sauti, ambaye amekuwa akinywa dawa zake vizuri kwa miaka na amekuja kuchukua za mwezi ujao kabla ya kurudi dukani kwake.

Najua neno hilo linatoka wapi. Mtaani mtu akikosea kidogo anaambiwa "huyu wa Milembe". Kenya wanatajiana Mathari, Unguja wanatajiana Kidongo Chekundu. Majina ya hospitali tumeyageuza matusi, na matusi hayo yamewafungia watu ndani miaka mingi huku ugonjwa ukikomaa. Mtu anayetibiwa sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, mwezi wa pili tangu ianze na anayeletwa mwaka wa tano hawafanani hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma kila ninapoona tarehe ya kwanza kwenye faili.

Nianzie wapi? Ni lazima niende Dodoma au Muhimbili?

Si lazima. Anzia karibu na nyumbani: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya. Hospitali nyingi za wilaya na za mikoa zina muuguzi au daktari anayeshughulika na afya ya akili, ila pengine kliniki yenyewe ni siku moja au mbili tu kwa wiki, kwa hiyo uliza siku kabla hujapanda gari. Ukitumia bima, kuanzia chini kuna faida nyingine: hospitali za juu mara nyingi zitakudai karatasi ya rufaa. Mirembe ya Dodoma (ndiyo ile "Milembe" ya mtaani), Muhimbili, na Lutindi ya Korogwe inayohudumia wagonjwa wa akili tangu 1904, zipo kwa wale ambao hali zao zinahitaji zaidi ya kile hospitali ya jirani inachoweza.

Kenya mpangilio unakaribiana na huo. Mombasa watu wengi huenda Port Reitz, na Mathari ya Nairobi, iliyofunguliwa 1910, ndiyo hospitali ya rufaa ya taifa.

Kama huna uhakika kwamba tatizo ni la akili, nenda tu kwa daktari wa kawaida na umweleze kama lilivyo. Hujapoteza safari.

Nitaonana na nani?

Inategemea hospitali. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili ni daktari wa tiba aliyeongeza masomo, naye anaweza kuandika dawa. Mwanasaikolojia tiba haandiki dawa. Yeye kazi yake ni mazungumzo yenye mpangilio, wiki kwa wiki. Afisa ustawi wa jamii anaingia pale penye shida ya malipo, makazi, ugomvi wa nyumbani au mtoto asiye na mlezi. Na muuguzi utamkuta kila mahali. Mabingwa ni wachache sana nchini, kwa hiyo usishangae siku ya kwanza ukakutana na daktari wa kawaida au muuguzi. Huyo naye amefundishwa kusikiliza na kujua ni nani wa kupelekwa mbele.

Sijui niseme nini. Nikifika pale maneno yatanikauka.

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo ninalopenda kulijibu kwa kirefu.

Hakuna anayekuja na maneno yaliyopangwa. Mtu akiniambia "nina mawazo", namwelewa. Akisema kichwa kinawaka moto, au kama kuna wadudu wanatembea ndani ya fuvu, kifua kinabana, moyo unakwenda mbio hata akiwa ameketi, tumbo linajaa, mwili mzima hauna nguvu lakini malaria haionekani, namwelewa pia. Watu wetu huumia mwilini kabla hawajasema wameumia moyoni. Usijaribu kuyatafsiri maumivu hayo yawe ya kitaalamu. Ukisema "nadhani nina bipola, nimesoma mtandaoni", nitakuuliza tu tena: sawa, na nini kinakutokea?

Siku tatu au nne kabla ya kuja, chukua daftari la mwanao au karatasi yoyote uandike mambo machache. Lilianza lini, na wakati huo nyumbani au kazini kulikuwa na nini? Usiku unalala saa ngapi na kuamka saa ngapi? Hapo andika saa yenyewe, kwa sababu "silali vizuri" na "nashtuka saa nane usiku na sipati tena usingizi mpaka adhana" hazina uzito sawa kwa daktari. Ya kwanza inaweza kuwa ya mtu yeyote, ya pili inamwonyesha pa kuanzia. Unakula? Nguo zimelegea? Kitu gani ulichokuwa unakipenda sasa hukitaki tena, mpira, kwaya, kupika, watoto? Kuna siku ambazo unakuwa juu mno, hulali lakini huchoki, unaongea haraka, unatumia hela ovyo, unaanzisha mambo kumi kwa wakati mmoja? Hizi watu huzisahau kwa sababu wakati huo walijisikia vizuri, kumbe ndizo zinazobadilisha matibabu kabisa.

Andika pia kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kuugua namna hii. Kwenye familia nyingi jambo hilo linafichwa chini ya maneno kama "mjomba alirogwa" au "bibi alikuwa na vitu vyake". Andika hivyo hivyo kama mnavyosema nyumbani.

Halafu juu kabisa ya karatasi andika jambo moja ambalo ungetamani libadilike. Mama mmoja aliandika: "Nataka niweze kumbeba mtoto bila kuogopa nitamdondosha." Sentensi hiyo moja ilimwambia daktari mengi kuliko dakika kumi za maswali. Ukifika na koo likakauka, mpe daktari karatasi aisome. Wapo wanaofanya hivyo kila mwezi na hakuna anayewashangaa.

Ukilia, lia. Ukinyamaza, tutasubiri.

Nibebe nini?

Kitambulisho, kadi ya bima kama unayo, rufaa kama ulipewa, na majibu ya vipimo vya nyuma. Beba dawa zote unazotumia, zenyewe, na maboksi yake. Usiniambie "ni vidonge vyeupe vidogo". Ziwemo za presha, kisukari, TB, ARV, za uzazi wa mpango, na zile ulizonunua duka la dawa ili upate usingizi. Baadhi ya dawa huchezea usingizi na mawazo. Efavirenzi, iliyotumika miaka mingi kwa wenye VVU, ilijulikana kwa kuleta ndoto za kutisha; dolutegravir inaweza kumkosesha mtu usingizi; isoniazidi ya TB nayo inaweza kumsumbua mtu akili. Lakini usiache dawa hizo kwa uamuzi wako. Zilete, tuziangalie pamoja.

Beba maji na kitu cha kula, foleni ni ndefu.

Daktari ataniuliza nini? Nasikia wanauliza mambo ya ajabu.

Atauliza uliyoyaandika, kisha atauliza mengine ambayo hukuyatarajia. Leo ni tarehe ngapi? Toa 7 kwenye 100, kisha endelea kutoa 7. Nakutajia vitu vitatu, baadaye nitakuuliza tena. Hayo si dharau. Anapima umakini na kumbukumbu kama anavyopima presha, na anamuuliza profesa vile vile anavyomuuliza asiyekwenda shule, ingawa atalinganisha swali na elimu ya mtu. Atauliza kama unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kama unahisi unafuatiliwa. Kila mtu anaulizwa, siyo kwamba ameona kitu usoni pako.

Huenda ukapewa karatasi ya maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita: umekosa hamu ya kufanya mambo kwa siku ngapi, umejisikia huzuni siku ngapi, na kadhalika. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla haizidi 27. Ipo kwa Kiswahili. Alama hizo hazikuhukumu, zinamsaidia daktari kulinganisha leo na utakaporudi. Kama husomi vizuri au umesahau miwani, omba usomewe.

Kuhusu pombe, bangi, mirungi na gongo, sema kiasi cha kweli. Wengi husema "kidogo tu" na mimi huwa nauliza kidogo ni chupa ngapi. Sisi si polisi. Anayekunywa kila siku akaacha ghafla anaweza kupata degedege au kuchanganyikiwa, na anayepewa dawa za usingizi huku anakunywa yuko hatarini. Daktari akidanganywa hapo, anayeumia ni mgonjwa.

Kuna maswali ambayo huwezi kuyajibu siku ya kwanza. Aliyebakwa, aliyepigwa na mumewe, aliyemwona ndugu yake akiuawa, ana haki ya kusema: "Lipo jambo, lakini leo siwezi." Daktari ataandika kwamba lipo, na mtalirudia siku utakayoweza wewe.

Usishangae pia ukipelekwa maabara. Upungufu wa damu, tezi ya shingoni isiyofanya kazi sawa, kisukari, kaswende, VVU, vyote vinaweza kujificha nyuma ya huzuni, uchovu au kuchanganyikiwa. Kipimo cha VVU unaelezwa kwanza na unakubali mwenyewe.

Nikisema nimewaza kufa, mtaniitia polisi? Mtanifungia?

Kuwaza kufa si kosa la jinai, na kumwambia daktari wako ndicho kitu kizuri kuliko vyote unavyoweza kufanya siku hiyo. Tutakuuliza waziwazi: unawaza mara ngapi, umepanga jinsi, kuna kitu kinachokuzuia? Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Wengi hushusha pumzi kwa mara ya kwanza baada ya miezi, kwa sababu kumbe jambo hili linaweza kutajwa na mtu asitoke mbio.

Hofu ya polisi ninaielewa. Tanzania bado sheria ya kanuni ya adhabu, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya ilikuwa hivyo pia, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu chao cha 226 kinakiuka katiba. Nasema kwa moyo wote kwamba sheria yetu nayo inapaswa kufuata njia hiyo, kwa sababu mtu aliyefika ukingoni anahitaji kitanda, siyo selo. Lakini usiache hofu hiyo ikuzuie kusema unachowaza. Wazo ni dalili, nasi tunalitibu kama dalili.

Kulazwa je? Wengi wanaofika kwa mara ya kwanza hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 inatambua mgonjwa anayekubali mwenyewe kulazwa, na ina utaratibu wake kwa asiyeweza kukubali wakati ni hatari kwake au kwa wengine. Ukiambiwa ulazwe, uliza kwa nini, kwa muda gani takriban, na nani ataarifiwa.

Kama unasoma hapa usiku huu na wazo hilo limekukaba, usisubiri siku ya kliniki. Mwambie mtu mmoja sasa hivi, hata jirani, abaki nawe, vitu vya hatari viondolewe ndani, na mwende idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu. Huko wako macho usiku kucha.

Siri zangu zitabaki siri?

Ndiyo, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini, yako au ya mwingine, au mtoto akiwa anadhuriwa. Hapo tutamshirikisha yule tu anayehitajika, na kwa kawaida tutakwambia kwanza. Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022 na Kenya tangu 2019, na maadili ya kazi yetu yalikuwepo kabla ya hizo zote.

Ila niseme na ukweli wa miji midogo. Muuguzi anaweza kuwa jirani yako, karani wa faili anaweza kuwa shemeji wa rafiki yako. Una haki ya kusema "huyu ananijua, naomba mwingine". Una haki ya kuomba mlango ufungwe. Una haki ya kwenda hospitali ya wilaya ya pili kama nauli inaruhusu. Wapo wanaofanya hivyo, na hatuwalaumu. Simu yako pia: tuambie ni namba gani tukupigie na tujitambulishe vipi akipokea mtu mwingine.

Nije na mtu?

Njoo naye kama yupo unayemwamini. Atakumbuka ulichoambiwa, atakusaidia kurudi nyumbani ukipewa dawa inayolewesha, na mara nyingine ameona mambo ambayo wewe hukuyaona, hasa zile siku za kuwa juu mno.

Lakini msindikizaji hubeba pia hatari yake, nayo nimeiona mara nyingi. Zamani, nikiwa mgeni kwenye kazi hii, alikuja binti na mama mkwe wake. Kila swali mama alijibu: hapati usingizi, hataki kula, ameacha kupika, ana kiburi. Nikaandika yote. Nilimwacha binti akae kimya saa nzima. Aliporudi mwezi uliofuata alikuja peke yake, akasema sentensi moja kuhusu yanayompata usiku ndani ya nyumba ile, na kila nilichokuwa nimeandika kikawa hakina maana. Tangu siku hiyo kila mgonjwa anapata dakika zake peke yake, hata kama msindikizaji ni mume, mchungaji au mjumbe wa mtaa. Kama hukupewa, ziombe. Sema tu: "Naomba niongee na daktari peke yangu kidogo."

Ndugu anayesindikiza, nakuomba nawe: mwache mgonjwa asalimiwe kwanza, aulizwe kwanza. Utapewa zamu yako.

Nilishakwenda kwa mganga, kwa shehe, kwa mchungaji. Nimwambie daktari au nifiche?

Mwambie. Karibu kila mtu anayefika kwetu amepita kwingine kwanza, na hakuna daktari mwenye busara atakayekugombeza. Kisomo na maombi havigombani na vidonge. Dua humpa mtu nguvu ya kusubiri, na waumini wenzako wanaweza kuwa ndio watu pekee wanaokujulia hali.

Tunachohitaji kujua ni kilichoingia mwilini. Mizizi ya kuchemsha, unga wa kulamba, dawa ya kufukiza: baadhi huongeza au kupunguza nguvu ya vidonge, na baadhi huumiza ini au figo. Leta jina kama unalijua, au chupa yenyewe. Tuambie pia kama uliambiwa ufunge siku nyingi bila kula, au ulifungwa kamba au minyororo. Hilo la mwisho ni madhara, liwe limefanywa na nani na kwa nia gani.

Anayefunga Ramadhani aseme mapema. Dawa nyingi zinaweza kupangwa zinywewe futari na daku, lakini si zote, na kuruka dozi mwezi mzima kumewarudisha watu wodini.

Nitapewa dawa siku hiyo hiyo? Zitanifanya mlevi wa vidonge?

Huenda, huenda usipewe. Wengine wanahitaji mazungumzo na mpangilio wa usingizi, wengine dawa, wengine vyote viwili.

Ukiandikiwa, uliza mambo haya papo hapo: inaitwaje, inatibu nini, niinywe saa ngapi, itaanza kufanya kazi lini, itaniletea nini kibaya, na nikisahau nifanye nini. Swali la "lini" ndilo linalookoa watu. Dawa za sonona kama fluoksetini na amitriptilini hazifanyi kazi kama panadoli. Mtu huanza kuona nafuu baada ya wiki mbili hadi nne, na mara nyingi wiki sita au zaidi ndipo inapojulikana kama inamfaa. Lakini mdomo kukauka, kusinzia, kichefuchefu, hivyo huja siku za kwanza. Kwa hiyo mtu anapata taabu kwanza na nafuu baadaye, anaamua dawa ni mbaya, anaacha siku ya tano. Wakati mwingine, hasa kwa vijana, wiki za mwanzo wasiwasi au mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka. Hapo rudi mara moja, usingoje tarehe.

Dawa za sonona hazimfanyi mtu awe teja. Zinazojenga utegemezi ni zile za kutuliza na kuleta usingizi, za jamii ya valiamu, zikinywewa muda mrefu, ndiyo maana daktari makini huziandika kwa siku chache. Kama tayari umekuwa ukizinywa kila usiku kwa miezi, usiache ghafla, sema tupunguze taratibu.

Kwa dawa kama haloperidoli, wanayopewa wanaosikia sauti, shingo ikikakamaa, macho yakipanda juu au ulimi ukawa mzito, rudi hospitali saa hiyo hiyo. Inatisha kutazama, lakini ina dawa yake na hutulia haraka. Wengi wameacha matibabu kwa sababu hakuna aliyewaambia hivyo mapema.

Mama mjamzito, anayenyonyesha au anayetafuta mtoto: sema kabla kalamu haijagusa karatasi. Valproeti, dawa ya kifafa na bipola, kwa mfano, inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Zipo nyingine zinazokufaa.

Itagharimu kiasi gani?

Katika vituo vya umma Tanzania, magonjwa ya akili yamo kwenye orodha ya yale yanayosamehewa malipo. Ukiambiwa ulipe na huna, nenda dirisha la ustawi wa jamii uombe msamaha. Usirudi nyumbani kimya kimya. Kinachokwamisha zaidi ni dawa kuisha hospitalini na kutakiwa kununua nje, kwa hiyo mwulize daktari kama kuna ya bei nafuu inayofanya kazi ile ile. Kenya mambo ya bima ya afya sasa yako SHA, mamlaka iliyochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima, Oktoba 2024.

Na kazini nitasema nini?

Unaweza kusema una miadi ya hospitali, ukaishia hapo. Ukihitaji mapumziko, daktari anakupa ED, karatasi ya ruhusa ya kupumzika kazi, na unaweza kuomba isitaje ugonjwa. Kwa sheria ya ajira ya 2004, mfanyakazi Tanzania ana siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Sonona ni ugonjwa kama mwingine wowote.

Ni mwanangu anayeumwa. Nimwambieje?

Usimdanganye kwamba mnakwenda sokoni. Mwambie tunakwenda kuonana na mtu anayesaidia watoto wanaoogopa, au wasiolala, au wanaokasirika sana, na kwamba hachomwi sindano kwa kuongea. Leta daftari zake za shule. Kijana wa sekondari naye apewe dakika zake bila mzazi. Kwa mtoto anayedhuriwa nyumbani, namba 116 ni ya bure, Tanzania na Kenya.

Niko Ulaya au Marekani na lugha yao hainitoshi.

Unapoomba miadi, omba mkalimani wa Kiswahili hapo hapo. Marekani, hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinawajibika kukupa mkalimani bila kukutoza. Usimtumie mtoto wako kutafsiri. Kuna maneno ambayo mtoto hapaswi kuyabeba kutoka kinywani mwa mzazi wake.

Kama sikumpenda daktari?

Inatokea. Mpe nafasi ya pili kama tatizo lilikuwa haraka tu, maana foleni nayo humbana. Kama alikudharau, alikucheka au alikuhubiria, mwambie muuguzi wa mapokezi unataka mwingine. Rudi kwetu hata kama hurudi kwake.

Ni usiku wa kuamkia miadi na nimebadili mawazo. Nifanyeje?

Wengi hubadili mawazo usiku huo. Wengine huamka wakijisikia nafuu ghafla na kujiambia wamepona. Wengine hufika mpaka getini wakageuka. Nawaona kupitia dirishani, wamesimama karibu na muuza maji, wanatazama kibao chetu.

Weka nguo na karatasi yako tayari usiku huo huo. Mwombe mtu akupigie asubuhi. Ukifika getini miguu ikagoma, piga simu ya kliniki, useme uko nje. Nitatoka nije kukuchukua, wala sitaita jina lako kwa sauti. Na kama umechelewa, njoo hivyo hivyo. Saa sita mchana bado tupo.